Kabla Hujamwaga Sumu ya Panya, Mtazame Mbwa Wako

Hotuba ya daktari wa mifugo katika mkutano wa wakazi wa mtaa, Manispaa ya Morogoro

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe, mabalozi wetu, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi watoto mliokaa mbele hapo kwenye mkeka, hamjambo?

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije niwatajie dawa nzuri ya panya. Nimeitika wito, ila nimekuja na jibu ambalo hakulitarajia, na ninamwomba radhi mapema. Nyumba yenye mbwa, paka, kuku au sungura, sumu ndiyo iwe ya mwisho kufikiriwa, na wengi wenu hamtaihitaji kabisa. Wanyama wanaoletwa kwetu damu ikiwatoka puani, au wakitetemeka mwili mzima, wanatoka mitaa hii hii, na mara nyingi aliyewapa sumu ni mwenye mnyama mwenyewe. Alikuwa anamtafuta panya. Amempata paka wake.

Tuanze na yule kijana mwenye spika. Wote mnamfahamu. Anapita na begi mgongoni, spika inaimba bila kupumua: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto, panya akila anakauka, hanuki. Unampa jero au buku, anakupa kipakiti cha karatasi au kichupa. Ndani kuna unga mweusi, au chenga za waridi, au nafaka iliyopakwa rangi. Lebo hakuna. Muulize ndani kuna nini, atakwambia "mama, hii ni kali." Basi hilo ndilo jina la dawa: ni kali.

Mimi jina nalihitaji. Sumu za panya haziui kwa njia moja, na mbwa akilazwa mezani kwangu, tiba inategemea alikula ipi. Nipeni dakika chache niwaeleze, kwa sababu hapa ndipo wanyama wetu wanapofia.

Kundi la kwanza ni sumu za kuzuia damu isigande. Ya zamani ni warfarini, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1948. Panya wakaanza kuizoea, zikatengenezwa kali zaidi, brodifakumu na bromadioloni, na hizo ndizo zilizomo kwenye vile vipande vya bluu au vya kijani mnavyovikuta madukani. Ini la mnyama linahitaji vitamini K ili kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Sumu hii inaifunga njia hiyo. Lakini mnyama haanguki siku hiyo hiyo, maana mwilini bado ana akiba ya siku mbili tatu. Mbwa anakula Jumatatu. Jumanne anacheza. Jumatano anabweka vizuri tu. Alhamisi au Ijumaa hasimami pale alipolala. Ukimfunua mdomo, ufizi umekuwa mweupe, anakohoa, goti limevimba, choo kina damu. Hapo ndipo mwenye mbwa anapokuja kuniambia "Daktari, jana alikuwa mzima," na nikimuuliza habari za sumu anaapa kwamba hajaweka, kwa kuwa ile ya Jumatatu ameshaisahau.

Huyu anatibika akiwahishwa. Dawa yake ni vitamini K1, lakini kwa sumu hizi mpya inatolewa wiki 3 hadi 4. Wapo wanaopigiwa sindano moja, mbwa anachangamka, mwenyewe anaona amepona na hamrudishi tena. Sumu bado imo kwenye ini. Siku chache baadaye damu inaanza upya, na safari hii analetwa akiwa amechelewa.

Sasa mfikirie panya mwenyewe aliyeila. Naye ana siku zake kadhaa kabla ya kufa, na siku zote hizo anaendelea kula, sumu inazidi kujaa mwilini. Siku za mwisho anatoka mchana kweupe, mzito, hakimbii. Paka aliyemshindwa mwezi mzima anamdaka bila jasho. Panya mmoja huenda asimuue paka, lakini paka anayekula wa leo na wa keshokutwa anajikusanyia, maana sumu hizi hukaa kwenye ini muda mrefu. Bundi naye hivyo hivyo.

Na ile ya "anakauka, hanuki", ndugu zangu, haipo. Hakuna sumu inayomkausha panya. Akifia juu ya jipsam atanuka, na mtaitoboa dari kumtafuta.

Kundi la pili ni ule unga mweusi au wa kijivu unaonuka kitunguu saumu, au samaki aliyeoza. Ni fosfidi ya zinki. Ukikutana na asidi ya tumboni unatoa gesi iitwayo fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua, kwa saa chache. Hii haina dawa ya kuiondoa mwilini. Tunachofanya sisi ni kumsaidia mnyama apumue na kupunguza ile asidi, na wengi hatuwawahi. Na hapa nasema na akina mama hasa, maana najua mnachofanya kwa huruma: msimpe maziwa. Msimpe ugali wala yai bichi. Chakula kikiingia tumboni, asidi inaongezeka, gesi inaongezeka. Akianza kutapika, mtoeni nje kwenye hewa, msimwinamie usoni, kwa sababu gesi inayomtoka ndiyo hiyo hiyo.

Jamaa yake wa karibu ni vile vidonge vya kuhifadhia nafaka vinavyotoa gesi. Kuna watu wanavitumbukiza kwenye matundu ya panya ya ndani ya nyumba. Jamani. Tundu la panya linatokea chumbani kwako. Gesi haichagui kati ya panya na mtoto aliyelala kwenye godoro chini. Vidonge hivyo ni vya ghalani, kwa mtu aliyefundishwa, na ghala lenyewe lisiwe linalalwa na watu.

La tatu ni dawa za wadudu wa mashambani zinazofungwa upya kwenye vipakiti na kuitwa sumu ya panya. Mbwa akila hizi mate yanamtiririka, machozi yanamtoka, anajikojolea, anaanza kurukaruka misuli na kudondoka, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Tuna sindano ya atropini inayoweza kumwokoa, ila lazima afike akiwa hai, na bodaboda ina mwendo wake.

Kwa hiyo ukihisi mnyama amekula sumu, yoyote ile, chukua kipakiti, au kilichobaki, au matapishi kwenye mfuko wa plastiki, mfunge mnyama kwenye kanga na uje. Ukiwa njiani piga simu, utaelekezwa. Usimtapishe kwa chumvi wala sabuni kabla hujaambiwa. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa tunaoutumia sisi hospitalini, usijisumbue nao. Na usisubiri uone dalili, hasa kama ni vile vipande vya bluu. Mbwa anayechezacheza baada ya kuvila ndiye aliye rahisi kuokoa.

Haya, tuwaache wagonjwa. Twende uani, saa tatu usiku, watu wameshakula, vyombo bado havijaoshwa. Naingia nanyi kwenye ua wowote wa mtaa huu.

Kwanza nakutana na sufuria ya mbwa. Ugali na utumbo wa dagaa, amekula nusu, nusu imebaki, na itabaki hadi asubuhi. Panya mkubwa anakula kati ya gramu 15 na 30 kwa usiku. Ugali uliobaki hapo unalisha familia nzima, na mbwa amelala pembeni anawatazama, ameshiba. Kisha banda la kuku: chakula kimo ndani usiku kucha ingawa kuku usiku hali. Chini ya kizimba cha sungura kuna chenga za chakula zilizodondoka, zimechanganyika na majani. Ukutani kimeegemezwa kiroba cha pumba, kona moja imetafunwa, unga unamwagika taratibu. Nyuma ya jiko kuna rundo la matofali na mbao zilizobaki wakati wa ujenzi, limekaa miaka, na hapo ndipo wanapozaliana. Pembeni maembe yameanguka hayajaokotwa. Bomba linadondosha maji.

Hiyo ni hoteli, tena yenye maji na malazi. Na mwenye hoteli ananunua sumu.

Mimba ya panya ni wiki 3 tu. Anazaa watoto 6, 8, wakati mwingine zaidi ya 10, na jike aliyezaliwa anaweza kuwa na mimba yake akiwa na miezi 2 au 3. Ukiua nusu yao huku chakula bado kipo, hujafanya kitu. Waliobaki wanakula vizuri zaidi na kuzaa zaidi. Ndiyo maana mwaka jana mliweka sumu na mwaka huu mnaweka sumu.

Kwa hiyo mpe mbwa chakula mara mbili kwa siku, kwa saa. Mpe dakika 20, akimaliza au asipomaliza, ondoa sufuria na uioshe. Atajifunza ndani ya wiki. Paka naye vivyo hivyo, bakuli lisilale sakafuni. Chakula cha kuku kiondolewe jioni wanapopanda kulala. Pumba, mahindi, chakula cha sungura viingie kwenye pipa la bati au ndoo ngumu yenye mfuniko wa kubana. Kiroba na ndoo laini panya anatoboa, maana meno yake ya mbele yanakua maisha yake yote na lazima ayasage kwenye kitu. Ndiyo maana anakata hata nyaya za umeme. Magunia yapande juu ya kichanja, mbali kidogo na ukuta, uweze kupitisha ufagio nyuma yake. Lile rundo la matofali, ama lijengee kitu ama ligawe.

Halafu matundu. Panya anapita penye upana wa kidole gumba, na wale wadogo kabisa wanapita hata panapoingia penseli tu. Tazama mlango wa jiko chini, pale mwanga unapoonekana. Tazama bomba la sinki linapotoboa ukuta, na pale paa linapokutana na ukuta. Ukutani utaona alama nyeusi yenye mafuta, imechorwa usawa wa chini kufuata kona. Hiyo ni njia yao, ni manyoya yao yanayosugua hapo kila usiku. Ifuate, itakufikisha kwenye tundu. Ziba kwa stili waya ile ya kusugulia masufuria, ishindilie ndani kisha piga simenti juu. Simenti peke yake ikiwa mbichi wanaitoboa. Tambara halifai kabisa, unawapa shuka. Ila usizibe siku ya kwanza. Tega kwanza, wapungue, kisha ziba, vinginevyo utawafungia ndani.

Nimesikia mtu huko nyuma akisema "paka akiondoka, panya hutawala." Ni kweli, ila huyo paka akiwapo nako mambo si rahisi hivyo. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ya watafiti waliofunga kamera kwenye kiwanda cha kuchakata taka huko Brooklyn, New York, penye panya wengi na paka wa mitaani. Kwa siku 79 walizorekodi, paka waliua panya 2. Wawili tu! Paka anaogopa panya mkubwa, na ana haki, maana yule anang'ata. Anachokiweza vizuri ni panya wadogo na watoto wa panya.

Lakini msiwafukuze paka wenu, kuna habari nzuri zaidi, na imetoka kwetu Afrika. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vijijini Eswatini. Walilinganisha kaya zisizo na mnyama, zenye paka peke yake, zenye mbwa peke yake, na zenye paka na mbwa pamoja. Wakawawekea panya karanga, wakapima wanakula kiasi gani kabla ya kuingiwa na hofu na kuacha. Kwenye kaya zenye paka tu, au mbwa tu, hapakuwa na tofauti ya maana. Kwenye kaya zenye wote wawili, panya walipungua na walikula kidogo. Mimi naona sababu yake ni kwamba hawana pa kukimbilia: mbwa anawasumbua huku uani, paka yuko juu na kwenye kona, panya anapungukiwa na muda wa kula kwa amani. Kwa hiyo anayemwaga sumu inayowaua hao wawili anawapa panya zawadi mbili kwa mpigo.

Na hii ya kumnyima paka chakula ili akamate panya, wazee wangu mnisamehe, haina msingi. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ni tabia yake. Paka mwenye njaa haketi kwako. Anahama, anaiba samaki kwa jirani, anakula vifaranga vya watu, na huko ndiko anakokutana na sumu. Mlishe, mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, maana kuna tegu anayempata kwa kula panya, na mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka kwa mikono mitupu.

Kuhusu magonjwa nitapita haraka, ila mawili lazima niyataje. Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani; katika wagonjwa 20 waliotangazwa, 3 walifariki. Ilikuwa homa ya mgunda, leptospirosisi. Vijidudu vyake vinatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vinakaa kwenye maji na udongo wenye unyevu, vinaingia mwilini kupitia kidonda au macho. Mbwa anaupata kwa kunywa maji kwenye bakuli ambalo panya amelikojolea, na akishaupata naye anaukojoa uani mnapokanyaga peku. Bakuli la maji lioshwe kila siku. Mbwa ana chanjo yake, tofauti na ya kichaa cha mbwa, niulizeni baadaye. Na mkienda hospitali na homa isiyoeleweka, mwambieni daktari kwamba nyumbani kuna panya. Wengi hawasemi, wanaona aibu.

La pili ni tauni. Wenye ndugu Lushoto wanaijua. Tangu mwaka 1980 imesumbua kule miaka mingi. Tauni hailetwi na panya moja kwa moja, inaletwa na kiroboto wake. Sasa sikilizeni vizuri: ukiua panya wengi kwa siku moja, viroboto wao wanabaki bila mwenyeji, wanamtafuta mwingine. Aliye karibu ni paka wako, mbwa wako, halafu wewe. Kwa hiyo kabla ya kampeni yoyote ya panya, mbwa na paka wapakwe dawa ya viroboto kwanza. Na paka asipakwe dawa ya mbwa. Nyingi za mbwa zina permethrini, inamuua paka.

Tuje kwenye mitego, ambayo kwangu ndiyo silaha ya nyumba yenye wanyama. Mtego wa kufyatuka, ule wa mbao au wa chuma, ni mzuri, unaua papo hapo ukiwa na nguvu ya kutosha. Shida yake ni pua ya mbwa na mkono wa mtoto. Mwambieni fundi seremala awatengenezee boksi la mbao, refu kidogo, lenye mfuniko wa kufunga, na tundu la inchi 2 kila upande. Mtego unakaa katikati, mbali na mkono wa paka. Boksi linabanwa ukutani kwenye ile njia yenye alama nyeusi, kwa sababu panya hapendi kukatiza uwanja wazi, anatembea akigusa ukuta kwa sharubu.

Chambo: nazi iliyochomwa, dagaa wa kukaanga, siagi ya karanga. Nazi na dagaa vifunge kwa uzi, asinyofoe akaondoka. Siku 3 za kwanza weka chambo bila kuutega. Panya anaogopa kitu kipya. Mwache ale, azoee, ajione yuko nyumbani. Siku ya nne tega yote kwa pamoja. Mitego 6 kwa usiku mmoja inafanya kazi kuliko mtego mmoja kwa mwezi mzima, kwa sababu baada ya siku chache waliobaki wameshaona kilichowapata wenzao. Kizimba cha waya nacho ni salama kwa paka, ila ukikitumia kikague kila asubuhi, na usiende kumwachia panya hai mtaa wa pili, mnahamishia wenzenu shida.

Gundi siipendi, nalisema wazi. Panya anakaa hapo saa nyingi akilia na kukojoa, na kesho yake mtu analeta kitoto cha paka kimenata miguu minne na mkia. Kikikukuta, usikivute, utachuna ngozi. Mimina mafuta ya kula taratibu, sugua kwa vidole hadi gundi ilegee, kisha osha kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu.

Na kama baada ya yote haya bado mnaona lazima sumu, kama panya wapo ndani ya mtaro au kwenye stoo iliyofungwa, basi nunueni dukani, yenye lebo inayosomeka, kiambato na usajili wa TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Iwe kipande kigumu, si unga, wala isichanganywe na ugali au samaki, maana hicho ndicho chakula cha mbwa wako. Ifungwe kwa waya ndani ya boksi linalofungwa. Hesabu vipande unavyoweka na unavyovikuta. Kila asubuhi tafuta mizoga, iokote kwa mfuko, ifukie chini sana. Ukiitupa jalalani, paka wa jirani ataifukua.

Sasa, haya yote mkiyafanya kila mtu kivyake, mwenye nyumba anayetega atapokea panya wa asiyetega. Walivyofanya huko Morrumbala, Msumbiji, ni kutega kijiji kizima, kila usiku, na panya walipungua kweli. Sisi tunayo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi, inatutosha kuanzia. Siku hiyo mafagio yaanze na marundo ya nyuma ya jiko badala ya barabarani pekee. Mabalozi wapite kuona sufuria za mbwa saa mbili usiku, msicheke, ni kazi halali. Na mitego itegwe nyumba zote usiku mmoja. Wakati mzuri ni huu baada ya mavuno, mashamba ya bondeni yakikauka na panya shamba wakianza kusogea kwenye nyumba. Mkingoja masika mtakuwa mmechelewa. Watu husema panya wengi hawachimbi shimo. Aliyesema hakuwahi kuuona ukingo wa mtaro wetu wa nyuma ya soko.

Nina vikaratasi vya maswali hapa. Mmoja anauliza bundi aliyeko kwenye mnara wa kanisa afukuzwe kwa kuwa ni mkosi. Mwacheni. Yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo chakula chake kikubwa ni panya, na anawinda usiku kucha bila kulipwa. Mkosi ni kumlisha panya wenye sumu.

Mtoto hapa anauliza kuhusu panya buku, yule mkubwa mwenye mkia mweupe nusu. Ninyi wa Morogoro mna bahati, shirika la APOPO wapo hapa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000 wanawafundisha panya hawa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, panya buku aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kunusa mabomu Kambodia, alizaliwa hapa hapa. Ukimkuta uani na mbwa wako anamkimbiza, mzuie mbwa, mwache buku aende zake.

Mwingine ameuliza kuku akimla panya aliyekufa kwa sumu, mayai yanalika? Yasiliwe, na kuku huyo asichinjwe. Leteni habari tujue ni sumu gani, ndipo niseme kwa muda gani.

Na huyu wa mwisho ana paka mwenye mimba, anataka kujua kama anaweza kumpa dawa ya minyoo. Anaweza, ila si kila dawa. Mlete kesho asubuhi kabla ya saa nne, kwenye boksi lenye matundu, si kwenye kiroba.